Nafasi Ndani ya Jiwe

Kipande cha jiwe chenye kipenyo cha milimita nne kimesimamishwa juu ya kijimeza kinachozunguka. Upande mmoja kuna chanzo cha miale ya eksrei, upande wa pili kuna bamba la kuipokea. Jiwe linageuzwa kidogo, linapigwa picha. Linageuzwa tena, linapigwa nyingine, hadi picha zinafika mamia, pengine maelfu. Kila picha ni kivuli: palipo na jiwe jingi miale imefifia, palipo wazi imepenya. Kompyuta inavikusanya vivuli hivyo vyote na kulijenga jiwe upya, tabaka juu ya tabaka, na anayekaa mbele ya skrini anaweza kushuka kutoka juu hadi chini yake bila kulipiga nyundo hata mara moja.

Jiwe lenyewe limetoka Ketton, kijiji cha Rutland, Uingereza. Mkononi ni jiwe la chokaa tulivu, lenye weupe unaoelekea manjano na waridi, jiwe ambalo mwashi angeligonga kwa kidole na kuridhika nalo. Ndani ya picha mambo ni mengine. Punje za mviringo zimebanana mithili ya mayai ya samaki, na kati ya punje na punje pana weusi unaopinda, unaopanuka ukawa chumba, unaosinyaa ukawa kichochoro, kisha unatokeza upande wa pili. Weusi huo ni mahali pasipo na jiwe. Na huko ndiko macho ya wataalamu yanakoelekea.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa karne nyingi jiwe lilijulikana kwa mlango wake: rangi, uzito, mlio wake linapogongwa, namna linavyokubali patasi. Punje za Ketton zilianza safari yao takriban miaka milioni 170 iliyopita, zama za Jurasi, sehemu hiyo ya Uingereza ilipokuwa chini ya bahari ya kina kifupi na maji ya vuguvugu. Kibanzi cha kombe au chembe ya mchanga kilibiringishwa na mawimbi, kikavikwa utando wa kalsiamu kaboneti, kikabiringishwa tena, kikavikwa mwingine, mpaka kikawa duara dogo. Maduara hayo, mamilioni kwa mamilioni, yakatulia, yakafunikwa, yakashikamana pale yalipogusana. Pale yasipogusana pakabaki nafasi. Msanifu Christopher Wren alipoanza kujenga maktaba ya Trinity College, Cambridge, mwaka 1676, mawe ya Ketton yalipanda ukutani, na kazi ilipokamilika mwaka 1695 watu waliona uimara, nao hawakukosea. Lakini takriban moja ya tano ya jiwe hilo ni uwazi. Bahari ya Jurasi ilipoondoka iliziacha nafasi zake ndani ya jiwe, na jiwe limezibeba hadi kwenye kuta za wasomi.

Nafasi hizo ndizo zinazolipa jiwe kazi yake duniani. Maji ya kisima hukaa humo. Mafuta nayo: inakadiriwa kwamba zaidi ya nusu ya mafuta ya dunia yamo katika miamba ya kaboneti, yaani chokaa na jamaa yake dolomiti. Ghawar, eneo kubwa kuliko yote ya mafuta ya nchi kavu, lililogunduliwa Saudi Arabia mwaka 1948, si ziwa jeusi lililofichwa chini ya mchanga jinsi wengi wanavyowaza. Ni chokaa ya Jurasi iliyolowa, ambayo vitundu vyake vimeshika mafuta kwa mamilioni ya miaka. Barabara, minara, bandari na mishahara ya Ghuba vimetoka katika nafasi ambazo nyingi hazionekani kwa macho.

Hata hivyo, wingi wa uwazi hautoshi kueleza jambo. Henry Darcy, mhandisi wa Dijon nchini Ufaransa, alipitisha maji katika safu za mchanga na mwaka 1856 akachapisha kanuni ya mwendo wake, kanuni inayotumika hadi leo. Kanuni hiyo hulitazama jiwe kwa nje: maji yaliyoingia, maji yaliyotoka. Njia yaliyoipita maji hayo haiisemi. Na mawe mawili yanaweza kuwa na uwazi wa kiasi kilekile, moja likapitisha maji kwa wepesi na jingine likayazuia kabisa. Tofauti iko shingoni. Vyumba vipana vinavyounganishwa na vishingo vyembamba hupitisha kidogo tu. Chumba kisicho na shingo ni kifungo, na kilichomo hakitoki. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya jiwe kwa muda mrefu yaliijua maji peke yake. Mtaalamu wa zamani alilikata jiwe likawa utando wa unene wa mikroni 30, akalitazama kwa hadubini. Aliona mengi, na mengine mazuri ajabu. Lakini katika utando huo vitundu viwili vilivyoungana chini kidogo ya kisu huonekana wageni kabisa. Undugu wao ulikuwa katika kina, na kina ndicho ambacho kisu kilikiondoa.

Njia ya kuingia bila kuvunja ilianzia kwenye mkono wa mwanamke. Wilhelm Röntgen aliigundua miale ya eksrei Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, na kabla ya Krismasi alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha: mifupa ya vidole, na pete. Picha ile ilikuwa ya ajabu lakini ililaza vyote pamoja, cha mbele juu ya cha nyuma. Kuvitenganisha kulihitaji hesabu, na sehemu ya hesabu hizo ilifanywa Afrika. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa mwalimu wa fizikia Cape Town mwaka 1956 alipopewa kazi ya muda ya kusimamia matumizi ya mnururisho katika hospitali ya Groote Schuur. Aliona matabibu wakikisia kiasi cha miale kana kwamba mwili ni kitu kimoja kisicho na sehemu, akajiuliza itawezekanaje kujua kila sehemu ya ndani inazuia miale kwa kiasi gani. Makala zake zilitoka mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejibu. Katika hotuba yake ya Nobeli ya mwaka 1979, tuzo aliyoigawana na Godfrey Hounsfield wa Uingereza aliyeunda mashine yenyewe, alikumbuka kwamba ombi lililomvutia kuliko mengine lilitoka kituo cha utafiti wa maporomoko ya theluji nchini Uswisi. Kwa hiyo kabla hospitali hazijaamka, walikuwapo watu wa milimani waliotaka kujua ndani ya theluji mna nini, kwa sababu uhai wa vijiji vilivyo chini ya mlima ulitegemea jibu.

Wa kwanza kulazwa chini ya mashine ya Hounsfield alikuwa mgonjwa, London, Oktoba 1971. Katika miaka ya 1980 wachunguzi wa mafuta walianza kuzilaza nguzo za mawe mahali alipolala mgonjwa. Lakini kipimo cha hospitali ni kikubwa mno kwa vitundu vya chokaa. Aliyekishusha hadi kwenye mikroni ni James Elliott, pamoja na Stephen Dover, mwaka 1982, na kitu walichokionyesha kilikuwa gamba la konokono mdogo wa nchi za joto, Biomphalaria glabrata. Konokono wa jenasi hiyo ni miongoni mwa wanaobeba vimelea vya kichocho, na jamaa zake wamo kandokando ya Ziwa Victoria, wanajulikana vizuri na mtoto aliyekatazwa kuogelea. Gamba la konokono ni kalsiamu kaboneti. Mawe mengi ya chokaa ni makombe na magamba ya viumbe yaliyorundikana na kugandana chini ya bahari kwa zama nyingi. Ufundi huu, basi, ulianza kwa kuitazama mali ileile ya chokaa, ikiwa bado ni nyumba ya kiumbe na haijawa mwamba.

Kuona ndani hakumwondolei mtazamaji wajibu wa kuamua. Picha ya jiwe imejengwa kwa vijichemraba vinavyoitwa vokseli, na kila kimoja kina rangi yake kati ya nyeusi na nyeupe. Nyeupe ni jiwe, nyeusi ni uwazi. Na kijivu je? Kijichemraba kinachoangukia nusu kwenye jiwe na nusu kwenye uwazi hutoka kijivu. Punje za Ketton zenyewe, kumbe, zina vitundu vyake vya ndani, vidogo kuliko mikroni moja, ambavyo mashine haiwezi kuviona kimoja kimoja. Nazo hutoka kijivu. Mtu akiamua kwamba kijivu ni jiwe, jiwe linakuwa gumu na lililofungwa. Akiamua ni uwazi, linakuwa jepesi na la kupitika. Uamuzi huo huingia katika hesabu zote zinazofuata, za mafuta, za maji, za fedha. Wengine hulikamua jiwe jibu kwa ustadi: hulipiga picha likiwa kavu, kisha hulijaza maji yenye iodini, ambayo huizuia miale, wakalipiga tena; wakiitoa picha ya kwanza katika ya pili, kinabaki kile kilichoingia, na kijivu kinaanza kusema. Tena, anayetaka kuona kidogo zaidi hana budi kukata kipande kidogo zaidi. Milimita nne za Ketton zinaonekana kwa ukamilifu, huku mwamba zilikotoka umebaki nje ya picha. Hakuna jicho linalopata vyote viwili kwa mara moja, na wanasayansi waaminifu huandika wazi pale walipochora mpaka, ili mwingine aweze kuusogeza.

Swali kubwa kuliko yote linahusu kitakachotiwa katika nafasi hizo. Miamba ya kaboneti ndiyo ghala kubwa la kaboni katika ganda la dunia. Kila punje ya Ketton imeshika kaboni iliyokuwa imeyeyuka baharini. Binadamu ameitoa ardhini kaboni ya mafuta na makaa, ameichoma, na sasa anatafuta pa kuirudisha. Njia mojawapo ni kuisukuma kaboni dioksidi chini sana, kwenye miamba yenye vitundu na maji chumvi, ikae huko. Itakaa? Mwaka 2013 Matthew Andrew, Branko Bijeljic na Martin Blunt wa Imperial College London walionyesha kwa eksrei, wakiliweka jiwe la Ketton katika joto na mgandamizo wa kina cha ardhini, viputo vya kaboni dioksidi vikibaki vimenaswa kati ya punje, vimebanwa na maji shingoni pande zote, visiweze kusogea. Ile shingo nyembamba inayomsumbua mchimba mafuta imegeuka kuwa mlinzi.

Lakini maji yaliyokunywa kaboni dioksidi ni asidi, nayo asidi hula chokaa. Mwaka 2015 Hannah Menke na wenzake walipitisha maji hayo ndani ya Ketton huku wakipiga picha, saa baada ya saa, na wakaona punje zikipungua taratibu na kwa usawa, zikilika kutoka nje kwenda ndani. Bandu bandu huisha gogo. Walipofanya hivyo baadaye kwa mawe ya Portland na ya Estaillades, ambayo mpangilio wa vitundu vyake umevurugika zaidi, asidi haikugawana kazi kwa haki: ilichagua njia moja iliyokuwa rahisi tangu mwanzo, ikaipanua, na kadiri ilivyopanuka ndivyo maji mengi zaidi yalivyoikimbilia, mpaka ukawa mfereji, na sehemu nyingine za jiwe zikaachwa karibu zilivyokuwa. Mawe yote matatu ni chokaa. Yalitofautiana katika namna nafasi zilivyopangwa kabla ya asidi kufika, na mpangilio ule wa zamani ukaamua mwisho wake. Ni vigumu kuzitazama picha hizo usiwaze juu ya jamii, juu ya fedha zinazofuata mkondo uliokwisha kuchimbwa na kuziacha kavu sehemu zilizo hatua mbili kando. Jiwe halikukusudia kufundisha hayo, nao watafiti hawakuyaandika. Lakini macho ya binadamu hayaingii popote bila kubeba nyumba yake.

Nyumba za pwani ya Waswahili zimejengwa kwa chokaa ya aina yake, iliyotengenezwa na matumbawe. Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa vilipandishwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Mafundi walijua mengi bila eksrei. Tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bichi walilichonga mihirabu na nakshi kabla halijakauka na kuwa gumu. Mawe ya nchi kavu, yenye mashimo na makali, waliyatia katikati ya ukuta. Chokaa yao nayo ina vitundu, kwa hiyo unyevu uliopanda kutoka chini uliweza kutoka nje kwa njia ya lipu. Pale ambapo katika zama za karibu saruji ilipakwa juu ya kuta za namna hiyo, mlango huo ulifungwa. Maji yaliyonaswa hubeba chumvi, chumvi hukauka na kuwa fuwele ndani ya vitundu vya tumbawe, fuwele hukua na kusukuma, na jiwe huwa unga nyuma ya sura ngumu inayong'aa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mpita njia huona lipu imara, mpaka siku inapodondoka na vumbi kumwagika.

Tena tumbawe lina siri ambayo jiwe la Ketton halina: hesabu ya miaka. Mwaka 1972 David Knutson, Robert Buddemeier na Stephen Smith walivilaza vipande vyembamba vya matumbawe ya kisiwa cha Eniwetok, Pasifiki, chini ya eksrei, wakaona mistari iliyokolea na iliyofifia ikifuatana. Eniwetok palikuwa mahali pa majaribio ya mabomu ya nyuklia, na mabaki ya mnururisho yaliyonaswa ndani ya matumbawe, ambayo tarehe zake zilijulikana, yalithibitisha kwamba kila jozi ya mistari ni mwaka mmoja. Tofauti kati ya mstari na mstari ni uwazi: msimu mmoja mdudu wa matumbawe hujenga kwa kubana, msimu mwingine kwa kuachia nafasi. Matumbawe ya Malindi yamesomwa kwa njia hii. Mwaka 2000 Julia Cole na wenzake, wakiwemo Tim McClanahan na Nyawira Muthiga, walitoa kumbukumbu ya miaka 194 ya joto la bahari kutoka kwenye tumbawe la hapo. Mwaka 2007 watafiti wengine walisoma katika tumbawe la Malindi bariamu iliyoletwa na udongo wa mto Sabaki, wakaonyesha jinsi mmomonyoko ulivyopanda tangu mwanzo wa karne ya 20, ardhi ya bara ilipozidi kulimwa na kukatwa miti chini ya ukoloni. Shamba lililopoteza udongo wake juu huko liliandikwa chini ya bahari, na mwandishi alikuwa mdudu asiyeonekana vizuri.

Miale iliyo bora kwa kazi hii hutoka katika sinkrotroni, pete ambamo elektroni huzungushwa karibu na kasi ya mwanga. Ile ya Diamond, karibu na Oxford, ilianza kazi mwaka 2007 na mzingo wake unazidi nusu kilomita. Ndimo mawe ya Portland na Estaillades yalimotazamwa yakiliwa na asidi. Yordani ilifungua yake, SESAME, mwaka 2017, kwa ushirikiano wa mataifa yasiyopatana kwa mengi, na tangu mwaka 2023 ina kituo cha tomografia, yaani upigaji picha wa aina hii. Afrika, ambako Cormack alifanya hesabu zake za mwanzo, haina hata moja, ingawa wanasayansi wake wamekuwa wakiidai kwa miaka mingi. Kwa sasa kinachosafiri ni jiwe: huwekwa katika mfuko, huandikwa namba, hupanda ndege, na picha zake hurudi zikiwa faili.

Lakini kwa kuta za Kilwa, Lamu na Gede si lazima kungoja pete ya nusu kilomita. Mashine za maabara zinazoenea ndani ya chumba kimoja zinatosha kuonyesha vitundu vya tumbawe na vya chokaa iliyolishika, na kibanzi kilichokwisha kudondoka chini ya ukuta kinatosha kuwa sampuli. Kingeonyesha chumvi imeingia kina gani, vishingo vipi vimezibwa, na chokaa ya fundi wa karne ya 14 iliachia nafasi kiasi gani kati ya chembe na chembe. Fundi wa leo anayetumwa kuukarabati ukuta huo angefika kazini akijua achome matumbawe au achanganye mchanga wa aina gani, na kwa kipimo kipi, ili lipu mpya iendelee kutoa maji yanayopanda kutoka chini kila masika.